Nani anapanga bei wauzaji wakiwa wachache?

Tangu vita ilipoingia Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga milango, na feza za familia nyingi zikaanza kupita kwa simu. Mama mhami anayetumiwa feza na ndugu yake wa Kinshasa anaziona kwenye simu, lakini sokoni wanataka noti. Anaenda kwa ajenti kuzitosha, na ajenti anakata kwanza sehemu yake. Mama anaondoka akisema: huyu ni mwizi.

Pengine ni kweli. Lakini kuna somo zima linalofundisha watu kuuliza kabla ya kuhukumu. Linaitwa uchumi wa viwanda, ingawa halihusu viwanda tu, na vyuo vikuu hulifundisha kwa undani baada ya lisansi, katika masta na udaktari. Swali lake kubwa ni hili: wauzaji wakiwa wachache, nani anapanga bei?

Mfaransa Jean Tirole ni mmoja wa walimu wakubwa wa somo hilo. Alisomea kwanza uinjinia, kisha akapata udaktari wa uchumi Marekani mwaka 1981. Kitabu alichotoa mwaka 1988 kimesomwa na wanafunzi wa nchi nyingi, na mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba hakuna dawa moja ya kila soko.

Kwa ajenti wa Goma pia, dawa inategemea ugonjwa. Kama noti zenyewe ni haba na yeye anazipata kwa shida, kumlazimisha akate kidogo kunaweza kumfanya afunge kibanda, na wahami watakosa hata hicho kidogo. Kama noti ziko, lakini maajenti wamepatana kwa siri, hapo kuwawekea kiwango, au kuacha wengine waingie katika kazi hiyo, kutasaidia.

Kongo ina sheria ya bei na ushindani tangu 2018. Sheria hiyo inahitaji watu wanaojua kuhesabu gharama na kutambua mapatano ya siri. Kijana anayekaa miaka juu ya hesabu hizo hapotezi wakati.

Kwa sasa, kabla ya kutosha feza, ni vizuri kuuliza ajenti wawili au watatu. Wakitofautiana, wateja wataenda kwa aliye nafuu, na aliyezidisha atalazimika kushuka.