Atmos Bila Dari
Wana wa geto tulichanga boom tukanunua saundiba yenye Dolby Atmos, teknolojia iliyoingia kwenye sinema mwaka 2012. Muuzaji akatupa waya wa optikali. Nikagoma: huo haupitishi Atmos, tupe HDMI, tuchomeke tundu la ARC au eARC. Netflix nayo inataka ulipie kifurushi cha juu kabisa. Sawa, tukalipa.

Kikabaki kitu ambacho hakiuzwi na saundiba: dari. Spika zake za juu hurusha sauti igonge dari bapa, ndipo helikopta isikike utosini. Sisi tuna bati la mshazari, na kuta hazifiki juu. Jirani, mwenye UE asubuhi, ndiye aliyeisikia vizuri. Mwenye nyumba tukimtajia dari, anataja kodi.