Kata ya Maji

Safari ndefu ya bahari ni mwalimu asiyetumia kitabu. Humtwaa mtu kutoka katika nyumba yenye vyumba na ua, akamtia juu ya ubao mmoja pamoja na watu asiowachagua, akamweka huko mpaka upepo utakaporidhika. Watu wa pwani ya kusini, tangu Mikindani mpaka Msimbati na mlango wa Ruvuma, wanaijua elimu hiyo. Kwao jambo lililoharibika husemwa kuwa limekwenda mrama, kama chombo kilichoyumbishwa na mawimbi.

Zamani majahazi ya mbali yalishuka pwani kwa kaskazi, upepo uvumao tangu Desemba mpaka Machi, yakarudi kwa kusi. Yalileta tende, chumvi na papa mkavu, yakachukua boriti za mikoko. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden, akafika nalo Zanzibar na delta ya Rufiji, akawasili Kuwait mwaka 1939. Aliona abiria zaidi ya mia wakila, wakilala, wakisali na wakigombana juu ya sitaha moja.

Siku ya chomboni ilianza kabla ya jua. Baada ya sala mabaharia walifua maji yaliyoingia ngamani. Mpishi aliwasha moto ndani ya sanduku lenye mchanga, maana moto, ambao nyumbani ni rafiki, katikati ya mbao na kamba ni mnyama wa kufungwa. Foromali ilipandishwa kwa nyimbo, kwa kuwa mikono ishirini isiyopatana hushindwa na kumi iliyopatana. Nahodha alikaa tezi, jicho moja katika tanga na la pili katika dira.

Lakini hakuna kilichomfunua mtu kuliko maji matamu. Ya chumvi yalizunguka pande zote. Ya kunywa yalikuwa ndani ya pipa, na yaligawiwa kwa kata. Upepo ulipokufa, tanga likaning'inia kama nguo iliyoanikwa, kata ilipungua. Hapo nahodha mwadilifu alimpa mwenye shehena sawa na kijana aliyelipa nauli kwa kazi ya mikono yake. Aliyejipendelea alipanda fitina ambayo hakuna tufani iliyoweza kuishinda kwa madhara. Tajiri aliyenunua kata ya pili alinunua kiu ya jirani yake.

Hata hivyo, haifai kuupamba undugu wa chomboni kupita kiasi. Katika karne ya 19 bandari za kusini, na Kilwa kupita zote, zilipakia watumwa waliotolewa nchi za Ziwa Nyasa, mpaka mkataba wa Sultani Barghash wa mwaka 1873 ulipokataza kuwasafirisha kwa bahari. Bahari ilikuwa ile ile, pipa lilikuwa lile lile. Lakini humo maji yalipimwa kwa faida ya mwenye mali, na mwenye kiu alihesabiwa katika shehena. Kumbe dhiki ya pamoja haimfanyi mtu kuwa mwema. Humlazimisha tu kuonyesha alivyo.

Leo mwendo umebadilika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, na msafiri wa Mtwara aendaye Dar es Salaam hupita barabarani. Meli kubwa za matembezi, zinazozunguka bahari za dunia, hugeuza maji ya chumvi kuwa matamu. Abiria hufungua bomba asimwone anayegawa. Kata imefichika, lakini haikuondoka. Kijijini ambako kisima ni kimoja na mvua imechelewa, yupo anayeishika, na wapo wanaoutazama mkono wake. Mkono huo ukipunja, kijiji hicho nacho, ingawa kimejengwa juu ya nchi kavu, hakina budi kwenda mrama.