Tonge Linapokataa Kushuka

Leo nawaandikia mama zangu na dada zangu juu ya saratani ya umio, yaani ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Jambo hili limenishughulisha tangu nilipoanza kwenda Kericho kusomesha darsa kwa jamaa zetu waliohamia kwenye nchi ya chai.

Kericho na Bomet zimo katika ukanda wa Afrika Mashariki ambao maradhi haya yamezidi kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937 karibu na mji wa Bomet, imewahudumia wagonjwa wake kwa miaka mingi. Mwaka 2010 zilichapishwa habari za wagonjwa 109 wa hospitali hiyo ambao umri wao haukuzidi miaka 30. Kwingineko maradhi haya huwapata zaidi wazee. Basi asijiliwaze mtu kwamba binti yake bado mdogo.

Sababu yake si moja. Wataalamu hutaja pombe, tumbaku, na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Chai yenyewe haikulaumiwa. Kilicholaumiwa ni moto wake. (Nasi wa pwani tusicheke, maana kahawa yetu hutoka kwenye dele ikifuka.) Imepokewa kwamba Bi Asmaa binti Abubakar, Allah amridhie, alikuwa akipika tharidi huifunika kwanza mpaka ule mvuke wake mkali utulie.

Katika nyumba moja niliyofikia huko, mama mwenye nyumba alikuwa na desturi ya kula jikoni peke yake baada ya wageni kushiba. Hapana aliyeiona ajabu. Ndiyo adabu ya wanawake wengi wetu. Aliyegundua ni mkamwana wake. Aliona sahani inarudi na nyama iliyotafunwa ikaachwa, kisha akaona mkate hauliwi mpaka uchovywe kwenye chai, kisha ugali ukaachwa kabisa na uji ukashika nafasi yake. Buibui likawa linampwaya. Alipoulizwa, alisema ni gesi. Majirani wakasema ni kijicho, na mimi nikaombwa nimsomee.

Nilimsomea, maana Qur'ani ni shifaa. Lakini nilipompa yale maji anywe, alimeza funda moja, akashika kidari, na maji yakarudi. Nikamwambia, "Mama, kesho asubuhi hospitali." Akanijibu, "Maalim, mimi nitafunuliwa na wanaume wa kigeni?"

Swali lake lastahiki jibu, kwa kuwa najua wengi wenu mnalo. Kipimo chenyewe ni mpira mwembamba wenye kamera, hupitishwa mdomoni ukateremshwa kwenye umio, na daktari akichukua kijinyama cha kupimwa. Hakuna haja ya kuvua nguo. Na hata lau ingekuwepo, dharura ina hukumu yake: akikosekana daktari mwanamke Mwislamu, wengine huruhusiwa kwa kadiri ya haja, na mahramu wake awepo. Na kuwa hospitali ni ya Wakristo hakuzuii tiba.

Alipelekwa, na ilikuwa ameshachelewa. Aliwekewa kijibomba cha waya kilichopanua njia, na kwa miezi michache alikula wali laini sinia moja na wajukuu. Alifariki kabla ya Ramadhani. Allah amrehemu.

Kinachoniumiza ni kwamba dalili zilikuwepo tangu mwanzo, na zilionekana kwenye sahani. Tonge kavu hukwama kwanza. Baadaye hata kilaini, mwisho hata maji. Mtu huanza kutafuna sana, kusukumia kila tonge kwa maji, na kuwa wa mwisho kumaliza. Hukonda bila kufunga. Huenda akasikia maumivu nyuma ya mfupa wa kidari, chakula kikarudi, akakohoa anywapo, au sauti ikakauka. Maumivu si sharti, na hili ndilo huwadanganya watu. Mara tonge linapoanza kukwama, njia huwa imeshabanwa sana, kwa hiyo wiki mbili za hali hiyo zatosha kumpeleka mtu akapimwe.

Wengine wameniuliza kuhusu saumu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mpira ule ukiteremshwa ndani saumu hubatilika, na mgonjwa ameruhusiwa kula, atalipa akipona. Asiuahirishe uchunguzi hadi Shawwal.

Na mkifika kwa daktari, msiseme tu "koo linamsumbua," maana mtarudi na dawa ya vidonda vya koo. Mwambieni ni chakula gani kimekwama, tangu lini, na nguo zimempwaya kiasi gani. Mkamwana aliyekuwa akiosha zile sahani naye aingie.