Waridi la Mama Lahamia Bomet

Ikiwa umewahi kuishi katika nyumba za shamba la majanichai hapa Kericho, wajua kwamba nyumba ni ya kazi. Kazi ikiisha, ufunguo hurudishwa. Mama alipokaribia kustaafu, hakuhofia viti wala vyombo. Alihofia waridi lake jekundu, la ile aina ndogo isiyopita goti, lililomea mlangoni tangu nikiwa shule ya msingi. Kuling'oa hakungefaa, kwani mizizi ilikuwa imezeeka na kujikita chini ya msingi.

Kwa kawaida waridi dogo huota hata kwa kijiti cha kukatwa. Lakini kipande chetu kule Bomet kilikuwa cha chai hapo awali, na chai hupenda udongo wenye asidi nyingi, waridi halipendi. Vijiti alivyotanguliza Mama vilikauka vyote.

Ndipo tukamwita jirani mmoja. Mashamba ya maua ya Chemirei na Tarakwet yalipofungwa mwishoni mwa 2019, wengi waliojua kazi hiyo walirudi nyumbani na ujuzi wao, naye ni mmoja wao. Alileta miche ya Natal Briar, waridi ambalo wakuzaji maua nchini hulitumia sana kwa ajili ya mizizi yake. Waridi hupandikizwa juu ya waridi mwenzake; usijaribu mchai wala mparachichi!

Alipasua gome karibu na ardhi kwa mfano wa herufi T, akabandua jicho kwenye kijiti cha Mama, dogo mno, karibu na punje ya wimbi, akalipenyeza na kulifunga kwa utepe wa plastiki. Alifanya hivyo asubuhi, maana mvua zetu za alasiri zikiingia kidondani jicho huoza. Miche nayo ilikuwa imenyweshwa vizuri, la sivyo gome halibanduki.

Kati ya macho manane, matano yalikuwa bado ya kijani baada ya wiki tatu. Tulipoyahamishia Bomet tulitia shimoni samadi na majivu ya jikoni. Hadi leo, kila chipukizi linalotokea chini ya kovu hung'olewa, kwani hilo ni la Natal Briar na litamnyima mgeni chakula.

Mama ana lalamiko moja tu. Kwa kushiba mizizi ya wengine, waridi lake sasa lamfika kiunoni.

“Mlinipandia la nani hili?” huuliza, huku akikata maua ya kupeleka kanisani.