Mghorofa wa Walthamstow

Jina lake la Kiingereza linamtaja mbwa, na hapo ndipo mjadala wetu wa kwanza ulipoanzia. Novemba iliyopita, sisi watatu tunaoishi nyumba moja Walthamstow tulinunua mche wa Cornus controversa, ule wenye majani ya kijani yaliyopakana na ukingo mweupe. Mti ulikuwa umelala, hauna jani hata moja. Mwenzetu wa Tanga alipompigia mama yake simu kumweleza, mama aliuliza: "Mwanangu, Uingereza nzima mmekosa mti ila huo wa mbwa?"

Basi tukatafuta jina. Kamusi tulizonazo hazikutufaa. Matawi yake hutanda kwa tabaka, moja juu ya jingine, na kati yake hubaki uwazi. Waingereza huufananisha na keki ya harusi. Mmoja wetu akapendekeza "mkeki", tukacheka sana, kisha tukaafikiana "mghorofa". Umeingia ngeli ya M-/MI- bila taabu: mghorofa umechipua, mighorofa imechipua. Walimu wana ruhusa ya kutupinga.

Asili ya mghorofa ni Asia: Uchina, Japani, Korea na milima ya Himalaya. Lakini Afrika Mashariki una ndugu yake, Cornus volkensii, anayeota katika misitu ya milimani Kenya, Uganda na Tanzania. Jina hilo limetokana na Georg Volkens, Mjerumani aliyekusanya mimea Kilimanjaro katika miaka ya 1890. Ndugu huyo ana mti dume na mti jike mbalimbali, kama mpapai. Na ukilichana polepole jani la mti wa jamii hii, vipande viwili hubaki vikishikana kwa nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui. (Jaribuni, lakini si kwa majani yetu. Bado ni machache.)

Ule weupe wa ukingoni ndio uzuri wake, na ndio udhaifu wake. Sehemu nyeupe haina klorofili ya kutosha kuupikia mti chakula, kwa hiyo mti hukua taratibu. Kufikia kimo chake kamili huchukua miaka 20 au zaidi. Mbegu nazo hazitegemewi kurithi weupe huo. Miche hubebeshwa, kama wakulima wa Muheza wanavyobebesha michungwa. Mara nyingine hutokea chipukizi la kijani kitupu. Hilo lina nguvu kuliko mengine yote, na likiachwa huumeza mti mzima.

Mkataba wetu wa nyumba unaisha Julai. Mama mwenye nyumba alituruhusu kuchimba kwa sharti moja: kitakachoingia ardhini kisitoke. Kwa hiyo tulibishana, chunguni au ardhini? Mwenzetu Mwingereza, anayesoma Kiswahili mwaka wa tatu, alitaka chungu. Aliuliza kwa nini achimbe udongo wa mfinyanzi kwenye baridi ile kwa ajili ya mpangaji asiyemjua. Swali lilikuwa la haki, na hatukuwa na jibu la haraka. Tulisema chungu hukauka upesi wakati wa kiangazi, na mti huu hupenda unyevu, hakushawishika. Kilichommaliza ni neno la yule wa Tanga, ambaye amehama vyumba vitatu kwa miaka miwili: "Humu ndani angalau mmoja wetu aache kuhama." Mwingereza akachukua sepetu.

Aprili majani yalipofunguka, usiku mmoja ilitabiriwa jalidi, ambayo huunguza majani machanga. Tuliufunika mti kwa kanga kuukuu. Asubuhi jirani alituuliza kuna sherehe gani.

Nyumba itakuwa wazi kuanzia Agosti, na tungependa aichukue mwanachama. Atakuta pipa la maji ya mvua karibu na uzio. Amwagilie hayo, maana maji ya bomba ya London yana chokaa nyingi na mghorofa hauyapendi. Mkasi wa kupogolea umetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Akiona chipukizi la kijani kitupu, alikate hadi linapoanzia, hata likiwa ndilo lililonawiri kuliko yote.