Farasi Walishindwa Kilwa, Ng'ombe Wakaweza

Utotoni mwangu Nangurukuru, nyama ya ng'ombe ilikuwa ya Idi na harusi. Siku nyingine ni samaki. Watu wa Kilwa hawakuchukia mifugo. Mbung'o ndiye aliyeamua. Babu alikuwa mtoto Waingereza waliposhuka Kilwa mwaka 1916 kupigana na Wajerumani, na alichokumbuka kuliko mizinga ni mizoga. Farasi na nyumbu wa jeshi walikonda mpaka mbavu zikahesabika, wakafa kwa ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Vita vile viliwamaliza kwa maelfu, na mizigo ikahamia vichwani mwa wapagazi.

Basi tukakua tukiamini kwamba mnyama mkubwa hakai huku.

Waliotutoa katika imani hiyo ni watu walioondolewa kwao. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwahamisha wafugaji kutoka Bonde la Usangu, Mbarali, na wengi wakaelekezwa Mkoa wa Lindi. Wakaja Wasukuma, Wabarbaig na wengineo, na makundi yao. Wenyeji tulinung'unika, na hatukukosa sababu: ng'ombe akiingia kwenye ufuta halali mtu. Ugomvi huo haujaisha.

Msimu wa kwanza ng'ombe walikufa wengi. Waliopona walipona kwa sindano, Samorin ya kukinga na Berenil ya kutibu, na kwa dawa ya kuogesha inayoua kupe na mbung'o pamoja. Pori lilipofyekwa kwa mashamba na mkaa, mbung'o naye akapungukiwa na vivuli. Sisemi hilo kwa furaha.

Mimi niliingia kwenye biashara ya ng'ombe kama dalali. Siku zile tulihesabu vichwa tu; dume lolote lilipanda jike lolote, hata dada yake. Kisha mzee mmoja wa Kisukuma akauza maksai wake wazuri, akaagiza dume moja la mbegu ya Borani. Tulimcheka. Yeye akaniambia, "Mwanangu, wewe unatazama pembe. Tazama mgongo na miguu."

Dume la Borani lililokomaa hupita kilo 500. Jike letu la asili kwa kawaida halifiki 300. Kwa hiyo mzee hakuwapa mitamba dume lile. Waliachwa wazae kwanza kwa dume dogo la asili, ndipo wapelekwe kwa Borani, maana ndama mkubwa anaweza kumuua mama asiyezoea kuzaa. Machotara wake walitoka warefu, wenye kifua, na bado wanavumilia jua na majani makavu ya Oktoba. Wapo waliotaka kuruka moja kwa moja hadi ng'ombe wa maziwa wa Kizungu. Kwa pwani hii ya ndorobo na ndigana, naona huo ni ufujaji wa fedha.

Kinachoniudhi kiko mnadani. Kwetu ng'ombe bado anauzwa kwa macho. Mchuuzi anayepeleka ng'ombe mnada wa Pugu, Dar es Salaam, anamzunguka mnyama, anamgusa nundu, anataja bei, na chotara aliyelelewa miaka minne anauzwa karibu sawa na mwenzake aliyejizalia porini. Mfugaji akiona hivyo, kwa nini agharamie dume?

Mizani ya kupimia ng'ombe mnadani tunaidai, na tutaendelea kuidai. Lakini daftari la kizazi, lenye baba, mama, tarehe ya kuzaliwa na sindano alizopata ng'ombe, la kumwonyesha mchuuzi anachonunua, halingoji bajeti ya mtu. Wafugaji wa Kilwa na Lindi, lianzeni kwa ndama wa mwaka huu.