Wadogo Upanga, Wakubwa Masaki

Mtoto wa Upanga wa miaka ya 1980, ukimwuliza habari za International School of Tanganyika, haanzi na masomo. Anaanza na magari. Asubuhi, Barabara ya Umoja wa Mataifa ilikuwa na foleni ya magari ya kibalozi yakishusha watoto wa kila taifa, na yeye akipita zake kwa miguu kwenda shule ya msingi ya serikali: kaptula ya sare, fagio mkono mmoja, kidumu cha maji mkono wa pili.

International School of Tanganyika ilianzishwa mwaka 1963, nchi ikiwa na uhuru wa miaka miwili tu. Ndiyo maana jina lake ni la Tanganyika: Muungano ulikuwa bado, na Tanzania haijazaliwa. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilifanywa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mabalozi na wataalamu walimiminika na familia zao, nao walihitaji shule ambayo mtoto angeiacha leo na kuendelea kesho Geneva au New Delhi bila kurudi nyuma. Baadaye ikawa miongoni mwa shule za mwanzo barani Afrika kufundisha diploma ya kimataifa ya IB.

Jambo lililowashangaza vijana wa mtaani lilikuwa lingine. Sekondari walizozijua ziligawanywa: Azania na Tambaza wavulana, Jangwani na Zanaki wasichana. Kule kwenye shule ya kimataifa wavulana na wasichana walikaa darasa moja, na jioni kila mmoja alirudi kwao.

Kampasi mbili za shule hiyo zinafuata ramani ya mji wa kikoloni. Wadogo wako Upanga, iliyokuwa Uhindini, ambako maghorofa mengi yalitaifishwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wakubwa wako Masaki, kwenye rasi ya Msasani, mbele ya Oysterbay iliyokuwa Uzunguni. Katikati kuna mdomo wa Msimbazi, mikoko, na Daraja la Selander. Maji yakipwa, harufu ya tope iliingia hadi ndani ya basi la kumbakumba la UDA. Kwa mtoto wa Upanga, kuvuka daraja hilo ilikuwa safari ya kuaga.

Mambo yaligeuka baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 kuwakaribisha watu binafsi. Shule za Kiingereza zikachipuka hadi Tabata na Mbezi, na mabasi ya njano yakaanza kuokota watoto alfajiri, wengine wakiwa bado wanasinzia. Ile ya Upanga ikaacha kuwa kisiwa, ingawa ada yake bado haishikiki kwa mshahara wa mwalimu wa serikali. Mwaka 2022 likafunguliwa Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kama kilomita moja juu ya bahari, na safari ya kuaga ikawa ya dakika chache.

Wazee wa Upanga wenye picha za mtaa huo enzi za Msajili wazitoe sandukuni, zitolewe nakala, kabla mchwa hawajazimaliza.